Walikolala Ng'ombe: Kutoka Kuta za Thimlich Ohinga hadi Kambi za Gusii

Katika nchi ya Gusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, kijana aliyekwisha kutahiriwa hakulala kwa mama yake. Mpaka mwaka 1912 hivi alilala kwenye egesarate, kambi ya ng'ombe iliyojengwa mbali na makazi, ukingoni mwa malisho. Huko alikaa na ndugu zake, binamu zake, mkuki wake na mifugo ya ukoo. Baba, wake zake, mabinti na wavulana wasiotahiriwa walibaki kwenye omochie, mji wa familia wenye nyumba za duara zilizokandikwa udongo na kuezekwa nyasi, na maghala madogo ya wimbi yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Familia ilikuwa moja na makao yalikuwa mawili. Ng'ombe walikuwa na kwao, na kwao huko kulikuwa na jeshi.

Tukizungumzia ujenzi wa kale wa Afrika Mashariki, mara moja tunataja misikiti ya Kilwa, Ngome ya Yesu Mombasa na majumba ya mawe ya Lamu. Pwani inastahili sifa hiyo. Lakini bara nako watu walijenga kwa mamia ya miaka, walijenga kwa akili na kwa jasho, na kazi yao kubwa kuliko zote haikuwa ya ibada wala ya ufalme. Walijenga pa kulaza mifugo. Anayetaka kuwaelewa Wagusii, Wakipsigis, Wajaluo, Wasuba na Wakuria wa zamani aanzie zizini, kwa sababu ndiko walikoweka fikra zao zote kuhusu mali, hatari na undugu.

Tuanzie upande wa mashariki, kwenye nyanda za juu zinazopakana na Nyamira. Kutoka Nakuru hadi Uasin Gishu na Kericho, vilima vina mashimo ya duara yaliyofunikwa na nyasi, ambayo wenyeji huyahusisha na watu wa kale waitwao Wasirikwa. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba baadhi yake Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani watu ndio waliokuwa wakiishi ndani ya mashimo yale. Baadaye utafiti wa J. E. G. Sutton ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilala shimoni, na watu walilala katika nyumba zilizobandikwa ubavuni mwa zizi, mlango wa nyumba ukifungukia humohumo ndani. Mwizi aliyetaka ng'ombe ilimbidi apite lango moja jembamba, kisha ajikute katikati ya uwanja uliozungukwa na milango ya wenye mali.

Ujanja wa mashimo hayo ulikuwa katika mteremko. Zizi lilichimbwa ubavuni mwa kilima, upande wa juu ukakatwa ndani ya ardhi, na lango likaelekezwa upande wa bonde. Mvua iliponyesha, maji na matope ya kinyesi vilitoka kwa kufuata mteremko. Asubuhi wenyewe walisukuma samadi nje ya lango, na baada ya miaka kilima kidogo cha samadi kikasimama mbele ya kila zizi. Mahali penye mawe mengi, kingo za shimo zilijengwa kwa mawe ili udongo usiporomoke. Mtindo huu ulidumu takriban kuanzia karne ya 12 hadi karne ya 18. Ni muda mrefu kwa mtindo wowote wa ujenzi, na ni ushahidi kwamba ulifanya kazi yake: kuwaficha ng'ombe wasionekane kwa mbali, kuwakinga na baridi ya nyanda za juu, na kumlazimisha mshambulizi aje kwa njia waliyoitaka wenyeji.

Upande wa pili, kusini magharibi mwa Gusii, ardhi inashuka kuelekea Ziwa Victoria. Mvua hupungua, miti mikubwa huwa michache, na mawe hujaa juu ya ardhi. Huko ndiko kuliko Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa kuanzia karne ya 16 hivi. Mwaka 1981 Kenya iliyatangaza kuwa mnara wa kitaifa, na mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maboma hayo hayapo peke yake. Utafiti wa eneo hilo la ziwa, ambao mwanaakiolojia Isaya Onjala aliufanya kwa miaka mingi, umehesabu maboma 521 katika maeneo 138. Thimlich ndiyo kubwa na ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi.

Ukuta wa Thimlich hauna saruji wala udongo wa kushikiza. Una urefu wa kati ya mita 1.5 na mita 4.5 kwenda juu, na unene wa mita moja hadi tatu. Mawe yake hayakuchongwa. Yaliokotwa na kupangwa. Waashi walisimamisha nyuso mbili kwa pamoja, uso wa nje na uso wa ndani, kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa ili upande ulionyooka zaidi uangalie nje. Katikati ya nyuso hizo walijaza mawe madogo yaliyobanana, na hapa na pale wakalaza jiwe refu la kuzifunga nyuso mbili zisiachane. Kila jiwe linakalia mawili na kukaliwa na mawili. Ukuta wenyewe haukunyooka kwa kamba. Unapinda, unajikunja, na mapindo yale ndiyo yanayoupa nguvu, kwa maana sehemu moja inaiegemea nyingine. Ukuta wa mawe makavu una faida nyingine kubwa kwenye nchi ya mvua za ghafla: maji hupenya katikati ya mawe na kutoka, hayajikusanyi nyuma yake na kuusukuma uanguke.

Kwenye lango ndipo ustadi unapoonekana zaidi. Malango ni mafupi na membamba, yamefunikwa juu kwa mawe marefu bapa yanayobeba uzito wa ukuta. Ng'ombe aliingia akiwa ameinamisha kichwa, mmoja baada ya mwingine, na ndivyo mchungaji alivyohesabu mifugo yake jioni. Mtu naye hulazimika kuinama. Adui anayeingia kwa kuinama hawezi kuinua ngao wala kurusha mkuki, na jambo la kwanza analotoa mbele ya wenyeji ni shingo yake. Ndani, karibu na lango, zilijengwa nafasi za walinzi. Nadhani hakuna sehemu ya jengo lolote Afrika Mashariki inayoeleza zaidi kwa mawe machache hivyo: lango moja linahesabu mali, linachuja wageni, na linampokonya mshambulizi silaha kabla mlinzi hajanyanyua mkono.

Eneo la Thimlich lina maboma makuu manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Ndani ya kila boma kuna kuta fupi zinazogawa nafasi. Yapo mazizi ya ng'ombe, yapo ya ndama na ya mbuzi, na yapo mabonyeo madogo ya duara yanayoonyesha palipokuwa na nyumba. Mawe ya kusagia nafaka yamo, na kwenye mwamba kuna vishimo vilivyochongwa kwa safu, vya mchezo wa bao, ambao Wajaluo huuita ajua. Kaskazini ya Kochieng palikuwa mahali pa kufulia chuma. Basi usifikirie zizi tupu lenye kuta. Fikiria kijiji ambacho moyo wake ni ng'ombe, na ambacho wakazi wake walisaga wimbi, walifua mikuki na kucheza bao huku mifugo ikicheua hatua chache kutoka kwao.

Waliojenga kuta hizo za kwanza wanaaminika kuwa watu wa lugha za Kibantu waliotangulia katika eneo hilo. Wajaluo walipofika baadaye walizikuta, wakazikarabati, wakaongeza nyingine na kuzitumia mpaka katikati ya karne ya 20. Hili ni jambo la kutafakari. Ujenzi ule haukuwa mali ya kabila moja. Ulikuwa ujuzi wa nchi, uliopokezanwa na watu wa lugha tofauti kwa sababu shida yao ilikuwa ileile, na mawe yaleyale yaliwangoja. Mahali ambapo mawe hayakutosha, watu hao hao walichimba handaki na kuinua tuta la udongo kuzunguka boma, na juu yake wakapanda mimea ya miiba na ya utomvu.

Turudi sasa juu, Gusii. Mapokeo ya Wagusii, yaliyokusanywa na mwanahistoria William Ochieng' katika kitabu chake cha 1974 kuhusu historia yao ya kabla ya ukoloni, yanasimulia watu waliotoka uwanda wa Kano, wakapanda kuelekea mashariki hadi Kabianga, wakakutana na baridi na maradhi vilivyomaliza ng'ombe na watoto, wakasogea kusini na kupambana na Wamaasai, kisha wakajikusanya kwenye vilima walivyo leo. Wengi walikimbilia kwenye ukingo wa mlima Manga, jabali linalotazama bonde kutoka juu, na ukoo wa Kitutu ukapata nguvu kwa kuwapokea wakimbizi wa koo nyingine. Ukisoma habari hizo kwa makini utaona kwamba kila uhamisho unahesabiwa kwa ng'ombe: wapi walikufa, wapi waliporwa, wapi walinenepa tena.

Watu waliofika Manga katika hali hiyo hawakuwa wageni wa ujenzi wa kujihami. Mipakani, hasa upande wa Kipsigis na wa Maasai, walijenga orwaki, ukuta wa ulinzi wa udongo au wa mawe ulioandamana na handaki. Hata hivyo, kambi zao za ng'ombe hazikuwa za mawe kama Thimlich, na sababu yake iko wazi kwa anayeijua nchi. Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na sehemu nyingine hukaribia 2,000. Ardhi yake ni ya rutuba na udongo mzito, na zamani ilikuwa na msitu mwingi. Miti ilikuwa karibu kuliko mawe. Tena malisho yalihama: msimu huu bonde hili, baada ya miaka michache kilima kile. Mtu hajengi ukuta wa mita tatu kwenye mahali atakapopaacha.

Egesarate kwa hiyo ilikuwa uzio imara wa miti, na ndani yake vibanda vya vijana na uwanja wa ng'ombe. Haikuwa ya mtu mmoja. Wanaume kadhaa wa ukoo mmoja waliweka mifugo yao pamoja, na vijana wao wakaishi hapo kama walinzi. Abamura, ndivyo walivyoitwa, mashujaa waliokwisha kuingia jandoni na ambao hawajajenga nyumba zao. Mama na dada waliwapelekea chakula. Mchana waliwatoa ng'ombe malishoni kwa zamu, usiku wakalala kando yao na silaha. Kelele ya vita iliposikika kutoka kambi moja, kambi ya jirani iliijibu, na kwa muda mfupi kilima kizima kikawa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wagusii waliwashinda Wakipsigis katika vita vya Osaosao, ushindi ambao bado unasimuliwa Gusii hadi leo. Waliopigana siku ile waliishi kambini pamoja, walikula pamoja, na walijua ng'ombe wanaowapigania kwa rangi na kwa pembe.

Jambo ambalo mtu wa nje angelikosa kuliona ni kwamba ng'ombe wale hawakuwa kundi tu. Kila mmoja alikuwa na asili yake. Huyu aliletwa kama mahari ya binti fulani, na kwa ng'ombe wa binti huyo kaka yake naye akaoa. Yule alikuwa amekopeshwa na rafiki wa ukoo mwingine ili atunzwe, maziwa yakawa malipo ya mtunzaji, na ndama wakarudi kwa mwenye mali. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940, aliandika kitabu kizima juu ya sheria na desturi za mahari. Ukikisoma utaelewa kwa nini zizi lililindwa vile. Aliyeiba ng'ombe watano hakuiba nyama na maziwa tu. Alivunja ndoa ambayo haijafungwa bado, na akamwacha kijana mmoja bila njia ya kuoa.

Kambi ilitatua pia shida ambayo haikuhusu adui. Wagusii walikuwa na, na kwa kiasi wanayo hata sasa, adabu ya heshima kati ya vizazi wanayoiita chinsoni. Mtoto wa kiume aliyetahiriwa haingii ovyo chumba cha wazazi wake, hakai karibu na mambo ya faragha yao, na baba naye humwepuka mkwewe kwa adabu ileile. Kambi iliwapa vijana makao yao wenyewe, mbali na macho ya baba. Heshima ilihifadhiwa kwa umbali, na umbali ulijengwa kwa uzio wa miti upande wa pili wa kilima.

Kisha ikaja tauni ya ng'ombe, sotoka, iliyoikumba Afrika Mashariki mwaka 1890 na 1891, na nyuma yake wakaja Waingereza. Walitumia bunduki ya Maxim dhidi ya watu wa Kitutu mwezi Septemba 1905, na wengi waliuawa. Mwaka 1907 serikali ilianzisha kituo chake mahali palipokuja kuwa mji wa Kisii, na G. A. S. Northcote akawa msimamizi. Toka siku ya kwanza, njia ya kuwatia watu adabu ilikuwa kuwanyang'anya ng'ombe. Mapokeo yanasema Moraa Ngiti, nabii mwanamke wa Kitutu, aliwahimiza vijana wasikubali. Januari 1908 kijana Otenyo alimchoma Northcote mkuki. Northcote alipona. Jeshi lililotumwa kulipiza kisasi lilichoma nyumba, likaua watu wengi na kuchukua ng'ombe kwa maelfu, kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, alilalamikia wingi wa mauaji.

Kwa mtazamo wa mtawala, kambi za ng'ombe zilikuwa hatari maradufu. Zilikuwa na mali, na zilikuwa na vijana wenye silaha ambao hawakutegemea ruhusa ya chifu ili wakusanyike, kwa kuwa walikuwa wamekusanyika tayari kila usiku. Kati ya 1912 na 1913 serikali ilizipiga marufuku. Ng'ombe warudishwe nyumbani kwa wenyewe, vijana warudi kwa baba zao, walipe kodi, wafanye kazi. Vitabu vingi vya historia hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja, kati ya kodi ya nyumba na ujenzi wa barabara. Mimi naliona kuwa mojawapo ya mageuzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kuletwa Gusii kwa amri. Nyumba zilizochomwa mwaka 1908 zilijengwa upya baada ya miezi. Kambi zilizofutwa hazikurudi kamwe, na pamoja nazo likaondoka jeshi, shule ya ujana, na ule umbali uliokuwa ukilinda heshima kati ya baba na mwana.

Matokeo yake yalianza kuonekana haraka. Vijana waliokuwa walinzi walikosa kazi ya ulinzi. Septemba 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipofika Kisii na majeshi ya Wajerumani yakaingia kutoka mpakani, maofisa wa Kiingereza waliuacha mji, na wenyeji wakavamia maduka na ofisi. Baada ya hapo wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Mashamba ya walowezi na ya chai ya Kericho yakawahitaji wengine. Uchungaji ukaangukia mikononi mwa wavulana wadogo. Nyumbani, kijana aliyetahiriwa alijengewa esaiga, kibanda chake ndani ya mji wa baba, hatua chache tu kutoka mlango wa mama. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii kuanzia 1955 hadi 1957, walieleza mabadiliko hayo ya makazi na mivutano iliyotokana nayo. Vizazi viwili vilivyokuwa vikiheshimiana kwa kukaa mbali sasa vilijifunza kuheshimiana vikiwa vimebanana.

Ng'ombe nao walirudi nyumbani, lakini nyumbani hapakuwa na nafasi ya kuwatosha. Malisho yaligawanywa mashamba. Kahawa iliruhusiwa kwa Waafrika wa Kisii katika miaka ya 1930, mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Pareto na chai zikafuata, na baada ya uhuru viwanda vya chai vikatanda Nyamira na Kisii. Bonde lililokuwa malisho ya ukoo mzima likawa vipande vyenye hati, vilivyozungushiwa ua. Borabu tu, upande wa Nyamira unaopakana na Sotik, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wenyeji katika miaka ya 1960, ndiko viwanja vilikobaki vikubwa vya kutosha ng'ombe watembee. Kwingineko nafasi iliisha. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.26 Kaunti ya Kisii, karibu watu 960 kwa kila kilomita ya mraba, na zaidi ya watu 600,000 Nyamira.

Kutokana na msongamano huo likazaliwa zizi jipya. Kuanzia mwaka 1980 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, iliendesha mradi wa kitaifa wa maendeleo ya maziwa uliofundisha wakulima wadogo ufugaji wa ndani. Ramani ya banda lake ni rahisi na imefikiriwa vizuri. Sakafu ni ya saruji yenye mteremko mdogo unaopeleka mkojo na kinyesi shimoni. Paa la mabati linafunika sehemu ya kulala, iliyogawanywa kwa mbao vyumba vyembamba ili ng'ombe alale bila kujigeuza na kuchafua malazi yake. Mbele ni hori la majani ya matete yaliyokatwakatwa, kando yake ni birika la maji. Ndama ana chumba chake, kimeinuliwa kutoka chini ili akae pakavu. Ng'ombe mmoja wa gredi hukaa hapo maisha yake yote, na malisho yote huja kwake kwa mgongo wa mtu.

Ukilitazama banda hilo kwa jicho lililozoea Thimlich na mashimo ya Wasirikwa, utaona mambo unayoyafahamu. Mteremko wa sakafu ni ule uliotoa matope nje ya lango la Hyrax Hill. Chumba cha ndama kilichotengwa kimo katika kuta za Kochieng. Lililobadilika ni lile lililo nje ya jengo. Zamani zizi lilikuwa la ukoo na ng'ombe walikwenda malishoni wakilindwa na vijana kumi na zaidi. Leo zizi ni la nyumba moja, na mlinzi wake mara nyingi ni mama wa nyumba hiyo, anayekata matete alfajiri kabla ya kwenda kuchuma chai. Kazi iliyokuwa ya abamura imehamia kwake, bila ngoma wala sifa, na mimi naona historia ya Gusii haijamlipa haki yake kwa hilo.

Mabaki ya kambi za zamani huenda hayajapotea, ingawa miti yake imeoza. Ng'ombe wanapolala mahali pamoja kwa miaka, samadi hubadilisha udongo kwa kina. Mwaka 2018, mwaka uleule Thimlich ilipoingia katika orodha ya UNESCO, Fiona Marshall na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa sehemu kadhaa walikoishi wafugaji wa kale huko Narok, jirani na Gusii. Sehemu hizo ni za kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita, na bado udongo wake una fosforasi, kalisi na virutubisho vingine vingi kuliko ardhi inayouzunguka, nao huotesha nyasi nzuri ambazo wanyama pori huzifuata. Kama zizi lililoachwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita linasomeka ardhini, egesarate iliyoachwa mwaka 1913 huenda inasomeka pia. Yawezekana ndiyo sababu mahindi hustawi kwenye kipande kimoja cha shamba kuliko kingine, na huenda wazee bado wanaweza kusema kambi ya ukoo wao ilikuwa upande gani wa kilima.

Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu mahali kama hapo pachunguzwe, paandikishwe na kulindwa, hata pasipo na jiwe moja lililosimama. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji vijana wa vyuo vya Kisii na Nyamira wenye daftari, kifaa cha kupimia mahali na mfuko wa sampuli za udongo, wakae na wazee, ukoo kwa ukoo, kuanzia Kitutu na Nyaribari hadi Bobasi, Machoge na Mugirango. Onjala na wenzake walihesabu maboma ya Thimlich na jirani zake, na kazi kama hiyo ilisaidia kufikisha jina la Thimlich Manama. Kambi za Gusii zinangoja hesabu yao, na wazee waliosimuliwa habari zake wameshazeeka sana.